Hukumu ya Kufuga Vunjajungu: Kiumbe Mdogo, Amana Kubwa

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (s.w.), Muumba wa kila chenye kutambaa na kila chenye kuruka. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba wake na kila mwenye kuwafuata kwa wema. Ama baada ya hayo:

Siku moja baada ya darsa ya Alasiri, kijana mmoja katika wanafunzi wetu alituletea chupa ya plastiki iliyotobolewa matundu machache. Ndani yake mlikuwa na vunjajungu wa kijani, amekunja mikono kifuani kama ilivyo ada yake. Kijana akauliza: "Maalim, yafaa kumfuga?" Akaeleza kwamba amesoma habari za watu wa Ulaya, Marekani na Japani wanaofuga wadudu hawa majumbani, wakawazalisha na kubadilishana mayai yao, naye ametamani kufanya hivyo. Lakini bibi yake amemkataza, kwanza kwa kuwa mwenye kumgusa vunjajungu hatakosa kuvunja chungu, na pili kwa kuwa mdudu huyu anasali, na ni farasi wa Mtume.

Sisi tulikuwa na haraka ya safari. Tukamjibu kwa ukali: "Huo ni upuuzi, katupe!" Kijana ni mtiifu. Akaichukua chupa ile akaitupa jalalani, kifuniko kikiwa kimefungwa. Baada ya wiki mbili tukawa tunasomesha hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia. Kijana yule akainua mkono akauliza kwa sauti ya chini: "Maalim, na yule wa kwenye chupa?"

Hatukuwa na jibu la haraka safari hii. Tuliomba msamaha kwa Allah, tukamwambia kijana kwamba kosa lilikuwa letu kabla ya kuwa lake, kisha tukarudi kwenye vitabu. Makala hii ni jibu tulilopaswa kumpa siku ile ya kwanza. Wanavyuoni wa Usuli wametufundisha kwamba hukumu ya kitu ni tawi la kukifahamu. Sisi tulitoa hukumu kabla ya kufahamu, kwa hiyo hatuna budi kuanza na ufahamu.

Ni kiumbe gani huyu?

Wengi wetu humdhania vunjajungu kuwa ni aina ya panzi au nzige. Sivyo. Wataalamu wa wadudu wanamweka karibu zaidi na mende na mchwa. Jambo hili lina faida ya kifiqhi, kwani ruhusa ya kula nzige iliyothibiti katika Sunna haimhusu vunjajungu. Yeye anabaki katika hukumu ya wadudu wa ardhini, ambao katika madhehebu yetu ya Kishafi hawaliwi.

Zimeshajulikana aina zake zaidi ya 2,400, na nyingi zinakaa nchi za joto. Ana macho makubwa mawili pembeni mwa kichwa na mengine madogo matatu katikati yake. Kichwa chake hugeuka huku na huku hadi kuangalia nyuma, jambo ambalo wadudu wengine wengi hawaliwezi. Mwaka 1983 mtaalamu Samuel Rossel alionyesha kwamba mdudu huyu hupima umbali wa windo kwa kutumia macho yote mawili pamoja, kama tufanyavyo sisi. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, waliwabandika vunjajungu miwani midogo kwa nta ya nyuki, wakawaonyesha picha zinazotembea. Picha ilipoonekana kuwa karibu, mdudu aliirukia. Na mwaka 1986 David Yager na Ronald Hoy walieleza kwamba vunjajungu ana sikio moja tu, nalo liko chini ya kifua, linalosikia sauti nyembamba mno za popo wanaomwinda usiku. Utukufu ni wa Aliyeumba akasawazisha!

Mikono ile anayoikunja si ya kusalia. Ni mitego yenye miiba, naye huifyatua kwa kasi kupita kufumba na kufumbua. Hula wadudu walio hai tu, kwa kuwa jicho lake huvutwa na kitu kinachotikisika. Jike hutaga mayai ndani ya povu linalokauka na kuwa kifuko kigumu, na kifuko kimoja huweza kutoa tunutu kumi au ishirini katika baadhi ya aina, au zaidi ya mia katika nyingine. Tunutu hutoka bila mbawa, akajivua gamba mara sita hadi tisa hivi mpaka akawa mkubwa. Kila anapojivua, huning'inia kichwa chini. Umri wake wote kwa kawaida haupiti mwaka mmoja au kidogo zaidi.

Majina yake na itikadi zilizomzunguka

Wayunani wa kale walimwita "mantis", neno lenye maana ya mtabiri au mpiga ramli. Mwaka 1758 Linnaeus wa Sweden alipoandika majina ya viumbe, aliipa aina ya Ulaya jina lenye maana ya mcha dini, kwa sababu ya ile mikono. Waarabu wengi humwita "faras an-nabiy", farasi wa Mtume. Nasi Waswahili tukamwita vunjajungu, kwa dhana kwamba mwenye kumgusa huvunja chombo atakachokishika baadaye. (Liko na vunjajungu jingine, ile karamu ya mwisho wa Shaabani kabla ya kuandama kwa mwezi wa Ramadhani, lakini hilo si maudhui yetu.)

Tukiyatazama majina haya tunaona kwamba kila kaumu ilimtazama mdudu mmoja ikamvika itikadi yake. Kwa upande wetu Waislamu, ni wajibu kusema mambo matatu kwa uwazi.

La kwanza, hatukuona katika vitabu vya Sunna vinavyotegemewa hadithi yoyote inayomfanya mdudu huyu kuwa farasi wa Mtume (s.a.w.) au kumpa heshima maalumu. Hilo ni jina la watu tu, na kumnasibishia Mtume (s.a.w.) jambo lisilothibiti ni hatari kubwa, hata kama nia ni mapenzi.

La pili, kwamba kila kiumbe kinamsabihi Mola wake ni haki iliyothibiti katika Qur'ani, katika Surat al-Israa, nasi hatufahamu tasbihi yao. Lakini tasbihi hiyo ni ya chungu, ya jiwe na ya nyasi, wala si ya vunjajungu peke yake, na haijulikani kwa kutazama mkunjo wa mikono.

La tatu, dhana ya kuvunja chungu ni katika "tiyara", yaani kuona kisirani katika viumbe, ambayo Mtume (s.a.w.) aliikataza. Chungu huvunjika kwa kadari ya Allah na kwa uzembe wa mshikaji. Mzazi anayemzuia mtoto asimguse mdudu kwa sababu hii amemfundisha khofu isiyo na msingi katika tauhidi. Hata hivyo, bibi wa mwanafunzi wetu tulimjibu kwa adabu, kwani katazo lake lilikuwa na heri ndani yake. Lilimwacha mdudu akaishi, na jibu letu sisi wenye elimu ndilo lililomuua.

Asili ya hukumu ya kufuga

Asili ya vitu ni uhalali mpaka ije dalili ya kuzuia. Kuhusu kuweka kiumbe hai nyumbani kwa ajili ya kuliwaza nafsi, dalili mashuhuri ni hadithi ya Anas bin Malik (r.a.) kuhusu ndugu yake mdogo Abu Umayr. Alikuwa na kindege cha kuchezea, nacho kikafa, na Mtume (s.a.w.) akawa anamliwaza kwa kumuulizia habari za kindege kile. Imepokewa na Bukhari na Muslim. Wanavyuoni wameizingatia hadithi hii fupi kwa namna ya ajabu. Imamu Ibn al-Qass wa Kishafi, aliyefariki mwaka 335 Hijria, aliandika kijitabu kizima akitoa humo faida sitini, na al-Hafidh Ibn Hajar (aliyefariki mwaka 852 Hijria, 1449 Miladia) akaizungumzia kazi hiyo katika Fat-hul Bari. Miongoni mwa faida hizo ni kujuzu kumweka ndege kizuizini na kujuzu mtoto kuliwazika naye.

Imamu al-Qaffal, katika wakubwa wa madhehebu ya Kishafi, aliulizwa juu ya kuwaweka ndege vizimbani ili kusikiliza sauti zao. Akajibu kwamba inajuzu, kwa sharti mwenye nao awatimizie mahitaji yao. Baadhi ya Wahanbali walilichukia jambo hilo kwa kuona kuwa ni kumfunga asiye na kosa. Ikhtilafu hii ina manufaa kwetu, kwani anayeruhusu amefunga ruhusa yake kwa sharti, na anayechukia amechukia kwa sababu ya dhara. Wote wawili wanatazama hali ya kiumbe.

Basi tunasema kwamba kufuga vunjajungu kwa kujifunza, kwa kutafakari uumbaji wa Allah, au kwa burudani isiyomshughulisha mtu na faradhi zake, ni mubaha. Kumgusa hakutengui udhu, naye akiwa hai ni twahara katika madhehebu yetu. Mfugaji ajihadhari tu na kuswali akiwa amebeba mzoga wake au gamba alilojivua, kwani vitu hivyo huhesabiwa najisi katika kauli inayotegemewa ya Kishafi.

Wajibu wa mfugaji

Hapa ndipo uzito ulipo. Yule mwanamke wa paka, kosa lake lilikuwa kwamba alimfungia, kisha asimlishe wala asimwache akajitafutia wadudu wa ardhini. Yaani mwenye kumfungia kiumbe ameifunga riziki yake, na kwa hiyo ameibeba yeye.

Je, wajibu huu unamfikia mdudu? Mafaqihi hawakutuacha gizani. Katika mlango wa matumizi ya wanyama, vitabu vya Kishafi kama Mughni al-Muhtaj cha al-Khatib ash-Shirbini (aliyefariki mwaka 977 Hijria, 1570 Miladia), ambacho ni sherehe ya Minhaj ya Imamu Nawawi, vimetaja kwamba mwenye mizinga ya nyuki awabakishie asali ya kuwatosha inapokuwa hawana chakula kingine, na mwenye viwavi wa hariri ni juu yake kuwapa majani ya mforsadi yanayowalisha. Hawa ni wadudu, nao wamepewa haki ya chakula juu ya mwenye kuwamiliki. Na Sultani wa Wanavyuoni, al-Izz bin Abdis-Salam (aliyefariki mwaka 660 Hijria, 1262 Miladia), amezihesabu haki za wanyama juu ya binadamu miongoni mwa haki ambazo mtu ataulizwa.

Kwa hiyo anayetaka kufuga vunjajungu inampasa ajue mahitaji yake kabla hajamkamata. Tumeyakusanya hapa yale ya msingi:

Kwanza, makazi. Chombo kiwe na urefu wa kwenda juu usiopungua mara tatu ya urefu wa mdudu, kwa sababu anapojivua gamba huning'inia na kuteleza chini kutoka ndani ya gamba lake la zamani. Chombo kikiwa kifupi, atagonga chini akiwa laini, na viungo vyake vitakaukia vikiwa vimepinda. Juu kuwe na wavu au kitambaa cha kushikilia, na hewa ipite. Chupa iliyofungwa, kama ile ya mwanafunzi wetu, haifai hata kwa siku moja.

Pili, maji. Hanywi kutoka bakulini. Hunyunyiziwa matone mepesi, naye huyanywa. Unyevu ukizidi bila hewa, ukungu huingia. Ukipungua, gamba hunasa wakati wa kujivua.

Tatu, upweke. Aina nyingi hulana. Tunutu wa kifuko kimoja wakiachwa pamoja kwa njaa watamalizana. Zipo aina chache zinazovumiliana zikishiba, kama ile ya Afrika inayofanana na jani kavu, lakini kanuni ya jumla ni kila mmoja na chombo chake.

Nne, utulivu. Anapokaribia kujivua huacha kula. Mfugaji asimsumbue, na aondoe windo lolote lililobaki ndani, kwani nyenje mwenye njaa huweza kumtafuna vunjajungu aliye laini asiyeweza kujitetea.

Mwenye kusafiri kwenda Umra au msibani bila kumwachia mtu amana hii amerudi kwenye kosa la mwanamke wa paka, ijapokuwa kiumbe ni mdogo.

Kumlisha kiumbe hai kwa kiumbe hai

Swali hili ndilo linalowasumbua wengi. Je, si ukatili kumtupia mdudu mmoja ili mwingine amle?

Turudi kwenye ile hadithi ya paka. Ndani yake, wadudu wa ardhini wametajwa kuwa ni riziki ambayo paka angejitafutia lau angeachwa. Hilo linaonyesha kwamba kiumbe kula kiumbe kingine kwa tabia aliyoumbiwa si jambo la kulaumiwa. Vunjajungu hawezi kuishi kwa majani wala nafaka. Basi kumlisha windo hai kwa kadiri ya haja ni katika kumtimizia nafaka yake iliyowajibu. Tunutu wachanga hulishwa inzi wadogo wa matunda, kisha nzi wa kawaida, na wanapokua hulishwa nondo, mende wadogo au nyenje. Kwa mkubwa, mlo mmoja kila baada ya siku mbili au tatu hutosha.

Lakini kuna mipaka mitatu.

Mpaka wa kwanza ni nyuki. Baadhi ya wafugaji hupenda kuwalisha nyuki. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kuuawa wanne: chungu, nyuki, hudihudi na ndege aitwaye surad. Basi nyuki na chungu wasifanywe chakula cha kufugia, hali ya kuwa nzi na mende wapo tele. Anachokiwinda vunjajungu mwenyewe porini ni shauri lake. Lakini wewe unayemkamata nyuki na kumtia chomboni umekuwa sababu ya kuuawa kwake bila haja.

Mpaka wa pili ni kupiganisha. Wapo wanaomtia vunjajungu pamoja na nge, buibui mkubwa au mjusi, wakapiga picha za video ili watu wacheke. Imepokewa katazo la kuchochea wanyama wapigane, nayo hadithi hiyo ingawa isnadi yake imezungumzwa, maana yake imekubaliwa na wanavyuoni na inatiliwa nguvu na katazo sahihi la kukifanya chenye roho kuwa shabaha. Hili ni haramu, na kulitazama kwa kufurahia ni kushiriki.

Mpaka wa tatu ni njaa ya makusudi, na hili linatuingiza katika mas'ala yajayo.

Kumkutanisha dume na jike

Watu wengi wamesikia kwamba jike la vunjajungu humla dume wakati wa kujamiiana. Ni kweli hutokea, lakini si kila mara. Mwaka 1987 wataalamu Liske na Davis walichapisha utafiti wao juu ya vunjajungu wa Kichina, wakaonyesha kwamba majike yakishiba na yasiposumbuliwa, dume hufanya uchumba wake na kuondoka salama. Na mwaka 2016 Brown na Barry walionyesha kwamba dume anapoliwa, virutubisho vya mwili wake huingia katika mayai ya jike. Hata hilo basi lina hekima katika mpango wa Muumba.

Wafugaji wenye uzoefu humsubiri jike kama wiki mbili baada ya kujivua gamba la mwisho, wakamshibisha vizuri, kisha wakamweka dume nyuma yake wakati jike akiwa bado anakula. Wakimaliza, dume huondolewa. Kwa mfugaji Mwislamu utaratibu huu ni ihsani, na kuufuata ni ibada akinuia. Ama anayemnyima jike chakula kwa makusudi ili aone dume akiliwa, huyo amekusanya madhambi mawili, kumnyima aliye chini ya mkono wake na kumchezea mwenye roho.

Jambo la kuzingatia zaidi ni wingi wa watoto. Mtu hufurahi kupata kifuko kimoja cha mayai, kisha asubuhi moja akakuta tunutu mia moja wanaoning'inia wavuni, kila mmoja ana haki ya chakula na chombo. Nani atawalisha? Tunaona kwamba asiyekuwa na uwezo asizalishe. Akipata mayai zaidi ya uwezo wake, basi kuyazuia yasianguliwe tangu mwanzo, kabla hakijaumbika kitu ndani yake, ni jepesi zaidi kuliko kuangua kisha kuacha wafe njaa.

Kuuza na kununua

Katika Minhaj at-Talibin, kitabu ambacho wanafunzi wa pwani yetu wamekisoma kwa vizazi, Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, 1277 Miladia) ameweka sharti la pili la kinachouzwa kuwa ni manufaa, akataja kwamba haisihi kuuza wadudu. Washereheshaji wakatoa wale wenye manufaa, kama nyuki kwa asali yake, viwavi wa hariri kwa hariri yao, na ruba kwa kunyonya damu ya ugonjwa. Na katika madhehebu ya Hanafi, Imamu Abu Hanifa hakuruhusu kuuza viwavi wa hariri, lakini mwanafunzi wake Muhammad bin al-Hasan akaruhusu kwa kuwa ni wenye kunufaisha. Basi illa ni manufaa, si umbo wala ukubwa.

Je, kutazama uzuri ni manufaa? Mafaqihi wa Kishafi wamesihisha kuuza tausi kwa kuliwazika na rangi zake, na andalibu kwa kuliwazika na sauti yake. Hii ni hoja ya anayeruhusu kuuza vunjajungu wenye maumbo ya maua. Miongoni mwao ni yule mkubwa anayeitwa kwa jina la kitaalamu Idolomantis diabolica, anayetokea kuanzia Ethiopia hadi Kenya, Tanzania na Malawi. Jike lake hufikia sentimita 13 hivi, na wafugaji wa Ulaya humtafuta sana. Anayezuia atasema kwamba tausi ni ndege wenye thamani katika ada za watu, na mdudu hakuwa hivyo.

Tunaloliona, na Allah ndiye Mjuzi, ni kwamba akiuzwa kwa manufaa ya wazi, kama vile masomo, utafiti au kupunguza wadudu waharibifu, mauzo yanasihi. Akiwa ni wa kupambia tu, mwenye kutaka salama ya dini yake amtoe kwa zawadi au kwa kubadilishana, au apokee malipo kwa kuondoa mkono wake juu yake bila kufunga mkataba wa mauzo, njia ambayo Mashafi wameitaja katika vitu visivyouzika. Malipo ya chombo, chakula na kazi ya usafirishaji hayana tatizo. Ama kutoa fedha nyingi kwa mdudu wa miezi michache, na jirani yako hana unga, hilo limo katika israfu hata kama mauzo yanasihi.

Vilevile, kuwakamata porini kwa wingi na kuwatuma ng'ambo bila ruhusa ya mamlaka husika ni kuvunja ahadi ya sheria tunazoishi chini yake, na ni kuwadhulumu wanaobaki.

Kuwaachia nje

Mtu atasema: "Nikichoka nitamwachia bustanini, nitapata thawabu." Ikiwa ni mdudu uliyemtoa bustani hiyohiyo, umesema kweli. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) aliamuru makinda ya ndege yarudishwe kwa mama yao. Lakini akiwa ni wa nchi nyingine, huenda thawabu unayoitarajia ikawa madhara.

Mfano ulio wazi ni wa New Zealand. Vunjajungu wa Afrika Kusini alionekana Auckland mwaka 1978, akaenea. Mwaka 2013 watafiti walieleza kwamba madume wa aina ya asili ya nchi ile huvutwa na harufu ya majike wa kigeni, wakawafuata, wakaliwa. Na huko Marekani, vunjajungu wa Kichina aliingia karibu na Philadelphia mwaka 1896, na wa Ulaya akaonekana jimbo la New York mwaka 1899. Mpaka leo wamo, na yule wa Kichina huwala hata vunjajungu wa asili walio wadogo kuliko yeye. Kanuni ya kutodhuru wala kulipiza dhara inaingia hapa bila shaka, na dhara la kiumbe aliyeachiwa halirudishwi chupani. Asiyeweza kuendelea na mdudu wa kigeni ampe mfugaji mwingine.

Hitimisho

Ndugu zetu maimamu na wanafunzi, tumefupisha hukumu hii kama ifuatavyo: kufuga vunjajungu ni mubaha, kumtimizia mahitaji yake ni wajibu, kumlisha windo hai kwa haja kunajuzu, isipokuwa nyuki na chungu, kumpiganisha ni haramu, kumzalisha ni kwa mwenye uwezo, kumuuza kuna ikhtilafu inayorudi kwenye manufaa, kumwachia mgeni katika nchi isiyo yake hakujuzu, na kumwogopa kwa kisirani ni batili.

Nasaha yetu ya mwisho tunaanza nayo sisi wenyewe. Imamu Kamal ad-Din ad-Damiri wa Misri (aliyefariki mwaka 808 Hijria, 1405 Miladia), aliyeisherehesha Minhaj, ndiye huyohuyo aliyeandika Hayat al-Hayawan, akipanga wanyama kwa herufi na kutaja tabia zao pamoja na hukumu zao. Hakuona kuwa kumjua mdudu ni kazi ndogo kwa faqihi. Anapokujia kijana na chupa mkononi, mkalishe. Mwulize kilichomo ndani kinakula nini, kinapumuaje, na nani atakitazama yeye akiwa shuleni. Huenda swali lake likawa ndio mlango wake wa kumjua Muumba. Ukimfukuza, utakuwa umeufunga mlango huo, na pengine pia kifuniko cha chupa.

Mwanafunzi wetu sasa ana chombo kirefu chenye wavu juu, na ndani yake jike mmoja wa kijani aliyemwokota kwenye mpera wa nyumbani kwao. Bibi yake bado hamgusi, lakini humnyunyizia maji mjukuu akichelewa kurudi.

Wallahu a'lam. Tunamuomba Allah (s.w.) atusamehe kwa tuliyoyasema bila elimu, na kwa viumbe walioumia kwa sababu ya ndimi zetu. Amin.